Gemu ya Malori Aliyoitaka Baba

Baba hakuwahi kuweka alama kwenye karatasi ambayo hakuisoma. Alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini kwa miaka zaidi ya thelathini, na kila karatasi iliyopita mikononi mwake ilitoka na vitu vitatu chini, pembe ya kulia: tiki moja ya wino mwekundu, herufi mbili za mwanzo za majina yake, na tarehe. Kontena likipotea, swali la kwanza ofisini lilikuwa ni nani aliyeiona karatasi. Desturi hiyo aliileta mpaka nyumbani kwetu Likoni. Alizitia tiki ripoti zangu za shule, bili za maji, kadi za harusi za watu, na miaka mingi baadaye ile barua ya hospitali iliyosema kwamba mguu wake wa kushoto hauna budi kukatwa chini ya goti. Aliisoma mara mbili, akaomba kalamu, akaitia tiki. Daktari alimtazama tu. Mimi niliona haya, na sasa naona haya kwamba niliona haya.

Kisukari ndicho kilichomla ule mguu. Baada ya hapo alibaki nyumbani na shangazi yangu, dada yake, mjane kama yeye alivyokuwa mjane, na kutwa nzima walikuwa wakibishana juu ya chumvi. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya Shanzu na nimepanga Kisauni, kwa hivyo nilivuka kwa feri kwenda kwao Jumanne tu, siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta barazani kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa shati lililopigwa pasi kama mtu anayesubiri kuitwa kazini. Aliniuliza habari za hoteli mpaka maswali yakamwishia. Mtu aliyekuwa akitembea kutoka ghala hadi ghala kwa miaka yote ile sasa alijua ratiba ya kuku wa jirani.

Hoteli ilipobadilisha kompyuta zake, zile kuukuu ziliuzwa kwa wafanyakazi, nami nikamchukulia moja. Ilikuja na mchezo wa karata. Aliucheza wiki mbili akauacha. Alisema karata ni za watu wasio na kazi. Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Jumanne moja nikamwonyesha kwenye simu yangu video ya mtu anayecheza gemu ya malori. Dereva anachukua kontena bandarini, anapewa karatasi yake, anaendesha nchi hadi nchi, anashusha mzigo. Baba aliishika simu kwa mikono miwili.

"Huyo apakia wapi?" akauliza.

"Rotterdam, baba."

"Rotterdam," akasema. "Hamburg. Antwerp. Nimeyaandika majina hayo mpaka kidole kikaota sugu, wala sikuwahi kujua nje ya lango lao kuna nini."

Basi nikajua nimnunulie nini. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Gemu yenyewe ilikuwa na matoleo mawili. Lile jipya lilikuwa na barabara nyingi na picha za kuvutia, na bei yake ilinifanya nikae chini kwanza. Tena lilikuwa na kufuli: kila ukilifungua, linaingia kwenye intaneti kuwauliza wenyewe kama wewe ndiwe, na wasipojibu, hulichezi. Masharti yake yalikuwa kurasa kumi na moja. Mtu mwingine yeyote angebonyeza "nakubali" akaendelea na maisha yake. Baba alitaka yachapishwe.

Niliyachapisha kazini nikampelekea. Aliyasoma Jumanne mbili na rula yake ya plastiki, mstari kwa mstari. Jumanne ya tatu akaniita hata sijavua viatu.

"Abee, baba."

"Njoo uone hapa. Wasema nimepewa ruhusa ya kutumia. Hawasemi nimenunua, popote, nimetafuta. Hii si bai, si kuuziana, mamangu, hii ni ijara. Na ijara haina neno, watu wakodi nyumba wakafa humo. Lakini mwenye nyumba akwambia kodi ni kiasi gani na mwisho ni lini. Hawa wachukua bei ya kuuza, watoa ruhusa ya kupanga, na siku ya kunitoa wamejiwekea wao."

"Na ile habari ya intaneti?"

"Hiyo ndiyo sikuielewa. Yaani kila nikitaka kuingia kwangu nibishe hodi?"

Shangazi akadakia kutoka jikoni, "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Haya," baba akasema, "mwanachuoni ameshasema."

Toleo la pili lilikuwa la miaka ya nyuma. Barabara chache, malori kama ya kuchongwa kwa panga. Lakini kulikuwa na muuzaji mmoja huko nje aliyekuwa akiliuza bila kufuli: ukilipa unapewa faili lote, unaliweka kwenye flashi, unalihamisha hata kompyuta nyingine, na muuzaji akifilisika kesho gemu yako unayo. Nilimweleza baba hayo nikitaraji asite. Hakusita.

"Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Ninunulie hiyo kuukuu."

Hilo ndilo alilolitaka. Nalisema wazi kwa sababu sikuweza hata siku moja kusema kwamba hakunieleza.

Sasa, mimi si mtu wa subira. Kadi yangu ya benki ilikataliwa na yule muuzaji mara mbili. Faili lilikuwa kubwa, na bando langu lilikuwa la kutazamia video fupi. Hoteli ilikuwa imejaa, wageni wanagombana juu ya vyumba vinavyotazama bahari, na kila Jumanne baba aliuliza kwa upole, "Vipi lori letu?" Upole wake uliniudhi kuliko kama angegomba.

Siku moja nilitoka kazini nikashuka Kongowea kumnunulia shangazi viazi. Ng'ambo ya soko, juu ya duka la vyombo vya plastiki, palikuwa na mtu anayewawekea watu filamu na gemu. Nilipanda ngazi na viazi vyangu mkononi, nikamtajia jina.

"Hiyo iko, siste," akasema, wa bara huyo kwa lafudhi. "Na ni ile mpya, si ya kitambo. Kufuli ilishavunjwa. Haitakuuliza intaneti wala nini."

Nilisimama hapo labda dakika moja. Nilijiambia kwamba hiyo ilikuwa na vyote alivyovitaka baba: ya kushika mkononi, haibishi hodi, tena mpya. Nilijiambia kwamba wenye gemu ni matajiri wa Ulaya ambao hawatakosa usingizi kwa ajili ya mzee wa Likoni. Kilichobaki kilikuwa neno moja, nalo nilijua baba angelisema bila hata kuinua macho: haki ya mtu. Nililipa bei ya viazi kilo mbili, nikashuka ngazi.

Jumanne nikamwekea. Lori lilipotokea kwenye kioo, jekundu, linang'aa, alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu mama alipofariki. Kisha akageuka.

"Umeinunua?"

"Nimeinunua."

"Kwa wenyewe?"

"Kwa wenyewe, baba."

"Basi ni yetu."

"Ni yetu."

"Mbona yapendeza hivi? Ulisema kuukuu."

Nikamwambia bei ilishuka na kufuli wakaitoa. Uongo ukishapata mlango haubishi hodi. Akaniomba risiti aitie tiki. Nikasema iko kwenye barua pepe, nitaichapisha. Alinikumbusha mara moja, baadaye mara ya pili, halafu hakuitaja tena, nami nikashukuru kwamba uzee umemsahaulisha.

Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Alianza na bismillahi kabla ya kuwasha injini. Alisimama kwenye taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu, akangoja. Mizigo aliifikisha kwa kuchelewa lakini bila mkwaruzo, na shangazi alilalamika kwamba wali unapoa mzee yuko Ujerumani. Alinipigia simu kazini katikati ya foleni ya wageni kunieleza lango la Rotterdam linavyokaa: ukitoka kuna kituo cha mafuta mkono wa kushoto, halafu daraja, halafu shamba la vinu vya upepo. "Kumbe ndiko zilikotoka zile jenereta nilizokuwa nikizitoa bandarini," aliniambia. Nilikuwa nikiwaomba wageni radhi, nikamsikiliza mpaka mwisho. Nilifurahi, na nasema kweli kwamba nilikuwa nimeshasahau kabisa ule uongo.

Kisha akaacha.

Nilikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha mezani. Nilipouliza, shangazi alinijibu kwa sauti ya chini, "Babako hachezi tena. Asema macho." Yeye mwenyewe alisema hivyo hivyo, "Macho, mamangu. Yachoka," akabadilisha mazungumzo. Nikamwekea miadi kliniki ya macho, maana mwenye kisukari hupaswa kupimwa. Hakwenda. Nikaweka mingine, siku hiyo alisema tumbo. Ya tatu alisema atakwenda mwenyewe mfungo ukiisha. Mimi, kwa hasira zangu, nikamwambia kwamba mtu hawezi kulalamikia macho mbele ya binti yake na kuyakatalia mbele ya daktari. Alinitazama. Alikuwa akiniona vizuri kabisa siku hiyo.

Miezi ikapita. Jumanne moja alijimiminia chai nje ya kikombe. Aliendelea kumimina mpaka ilipomfikia pajani ndipo akashtuka. Safari hii hakusema chochote kuhusu macho. Sisi ndio tuliosema, tukampeleka. Daktari, mama mmoja mpole, alieleza kwamba kisukari kimeharibu mishipa ya nyuma ya macho yote mawili, na damu imevujia ndani. Watajaribu kuokoa kilichobaki, nacho si kingi. Nikamwuliza ingekuwaje kama angekuja mapema. Akasema, "Miezi minane nyuma, pengine." Neno hilo pengine bado ninalo.

Walihitaji kadi yake ya zamani ya kliniki. Nilirudi Likoni nikafungua sanduku la bati ambamo baba huweka karatasi zake. Zilipangwa kwa miaka. Kadi niliipata, na chini yake, kwenye jalada lenye ripoti zangu za shule, nikaona ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa mkono wake ule mzuri wa ofisini.

Ilikuwa ni nakala ya maandishi ya Kiingereza. Nilihitaji kuyasoma mara ya pili ndipo nikaelewa yalikotoka. Waliovunja ile kufuli walikuwa wameacha faili dogo ndani ya folda ya gemu. Walijisifu, wakataja siku waliyoivunja, na mwisho waliandika kwamba atakayeipenda gemu hii aende akainunue kwa wenyewe, kwa sababu wametaabika kuitengeneza. Nani husoma faili kama lile? Baba alifungua kila faili kama alivyokuwa akifungua kila karatasi iliyofuatana na kontena. Neno lile la kuvunja alilipigia mstari kwa rula. Chini, pembe ya kulia, palikuwa na tiki nyekundu, herufi zake mbili, na tarehe. Ilikuwa tarehe ya wiki ile aliyoanza kuchoka macho.

Nilikaa sakafuni na ule ukurasa. Alikuwa amenisitiri. Alijua kwamba akiacha kucheza nitauliza kwa nini, na akinijibu kweli nitafedheheka mbele yake, basi akajitafutia sababu ya bure isiyomuumiza mtu. Na kwa kuwa macho yake yalikuwa mazima, na yeye si mtu wa kwenda kumwambia daktari jambo ambalo halipo, hakwenda kliniki. Macho yakaanza kufa kweli huku yeye akiepuka kusema uongo wa pili.

Sikumwambia siku hiyo. Sikuwa na uso wa kwenda mikono mitupu. Nilikwenda benki wakanifungulia kadi yangu kwa malipo ya nje, jambo lililochukua dakika ishirini, zile dakika ishirini ambazo mwaka mzima nilikuwa nimezikosa. Nikamtafuta tena yule muuzaji asiye na kufuli. Toleo jipya nalo lilikuwa limeshuka bei wakati huo, na nilijikuta napima: mtu ambaye haoni tena, maana matibabu hayakuokoa kitu, picha nzuri au mbaya zinamhusu nini? Lakini alichoagiza ni kile kikuukuu. Masharti yalikuwa kurasa mbili. Niliyasoma yote wakati wa chakula cha mchana, mara yangu ya kwanza maishani kusoma kitu hicho. Nikamwomba meneja ruhusa nitumie intaneti ya hoteli, akanipa, na faili likashuka kwa siku tatu. Niliweka kwenye flashi mbili. Risiti nikaichapisha.

"Kipofu anunuliwa gemu ya nini?" shangazi aliniuliza mlangoni, macho yake yenyewe yamejaa machozi.

"Aliiagiza, shangazi."

Baba alikuwa kitandani, ameegemea mto. Alinijua kwa hatua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mamangu."

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Kisauni, yakanikimbia yote, nikabaki na machache tu: kwamba ile ya kwanza haikuwa yetu, kwamba niliichukua Kongowea, kwamba nilimdanganya usoni mwake, na kwamba nimeuona ule ukurasa sandukuni.

"Nilijua utauona siku moja," akasema. "Ndiyo maana niliuweka pamoja na ripoti zako."

"Mbona hukunigombeza? Ungenigombeza tu, baba. Ungekwenda kupimwa."

Mkono wake ulikuwa ukilaza shuka lililokuwa limelala tayari.

"Wewe ulisema umenunua, na hukununua," akasema mwisho. "Mimi nilisema macho, na hayakuwa macho. Sote tulisema. Usiubebe peke yako."

Nililia kwa sauti. Aliniacha nilie, hakunibembeleza wala kuniambia ninyamaze. Nilipokwisha akauliza kama risiti ninayo.

"Ninayo."

"Nisomee. Na masharti. Yote, usiruke."

Nikamsomea kurasa zile mbili, nikizigeuza kwa Kiswahili kadiri ya uwezo wangu. Mahali pawili alinisimamisha nirudie. Tulipofika palipoandikwa kwamba mnunuzi anaweza kuhifadhi nakala na kuitumia bila kuomba idhini tena, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika na kuomba kalamu nyekundu. Niliushika mkono wake nikauweka pembe ya kulia. Tiki ilitoka ndefu kuliko kawaida, na herufi ya pili ikatoka nje ya karatasi ikaishia kwenye shuka. Shangazi hajalifua doa lile vizuri, au hataki.

Tukamhamishia kwenye kiti nikamsogeza karibu na kompyuta. Nikaondoa kitambaa. Lori lilikuwa baya kweli, kama nilivyomweleza mwaka uliopita, na nikamwambia ni baya. Akacheka kidogo. Akaniambia nisome bismillahi niwashe, kwamba mimi nitashika usukani na yeye atanionyesha njia.

Njia aliikumbuka. Lango, kituo cha mafuta mkono wa kushoto, daraja. Mimi naendesha kama ninavyoishi, na kabla ya daraja niligonga ukingo.

"Polepole," akasema. "Mzigo wa watu huo."

Nikapunguza. Baada ya daraja pakawa na njia panda, barabara nyeupe pande zote nne, hakuna gari, hakuna mtu. Aliusikia mngurumo wa injini ukibadilika akaelekeza sikio.

"Taa ni rangi gani?"

Nilitazama kioo, nikamtazama yeye, uso wake umeelekea ukutani, kando kidogo ya pale taa ilipokuwa.

"Nyekundu, baba."

"Basi ngoja."

Tukangoja, mimi na yeye, injini ikiunguruma, mpaka nilipomwambia imekuwa kijani.